Harufu na Majira Yake: Katika Bonde la Shenandoah

Katika vijiji vyetu vya Kivu ni wengi waliopata kumwona mwindaji akishika majivu mkononi. Kabla ya kuingia porini huyaachilia kidogo kidogo na kutazama yanakoelekea. Maana ajuaye upepo unakokwenda ajua pia harufu yake inakokwenda, na mnyama aliyenusa harufu ya mtu haonekani tena siku ile. Tulidhani elimu hii ni ya wazee wetu peke yao. Kumbe mwezi wa Novemba, mwaka 2023, tuliikuta ng'ambo ya bahari, katika Jimbo la Virginia nchini Marekani. Huko tukafundishwa na sehemu yake ya pili: kwamba harufu haifukuzi mnyama tu, bali yaweza pia kumwita, lakini ina siku zake, na nje ya siku hizo huharibu kazi.

Bonde la Shenandoah limelala kati ya safu mbili za milima. Upande wa mashariki ni Blue Ridge, na upande wa magharibi ni milima ya Allegheny. Katikati umesimama mlima mwembamba uitwao Massanutten, wenye urefu wa kilometa 80 hivi toka ncha hadi ncha, na matawi mawili ya Mto Shenandoah yanapita moja huku na moja huku. Chini ni mashamba ya mahindi na soya, na mabanda marefu ya kuku na bata mzinga. Juu ni misitu ya mialoni. Tulipofika, majani yalikuwa yamekwisha kuanguka, na asubuhi sakitu ilifunika nyasi kama unga.

Mjini Harrisonburg wanakaa jamaa wengi waliotoka Kongo na kupokewa huko kama wakimbizi. Mwenyeji wetu ni mtu wa Uvira, baba wa watoto watano, mfanyakazi katika kiwanda cha kuku. Baba yake alikuwa mwindaji, naye mwenyewe alijifunza utotoni kuwaita paa wadogo wa msituni kwa sauti ya puani, kama wafanyavyo wawindaji wengi wa misitu yetu. Alipofika Virginia alihudhuria mafunzo ambayo sheria inamtaka mtu asiyepata kuwa na leseni ya kuwinda ayapate, akaanza upya kama mwanafunzi.

Mnyama anayewindwa huko ni ayala wa mkia mweupe, ndugu wa yule tunayemsoma katika Zaburi. Dume ana pembe zenye matawi, naye huziangusha kila mwaka katika majira ya baridi, kisha huota nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 ayala walikuwa karibu kwisha katika Virginia. Mwaka 1931 walikadiriwa kuwa 25,000 tu. Sheria kali na kuletwa kwa wanyama wengine kutoka nje vikawaponya, na leo hukadiriwa kukaribia milioni moja.

Basi ayala huongea kwa harufu kuliko kwa sauti. Ana tezi katika paji la uso, kando ya macho, katikati ya kwato, na katika kifundo cha mguu wa nyuma. Mwezi wa Oktoba dume husugua pembe katika miti midogo hata gamba litoke. Kisha huparua ardhi kwa kwato chini ya tawi lililoinama, hulisugua na kulilamba tawi lile, na kukojoa juu ya miguu yake ya nyuma ili harufu ya tezi idondoke pale. Mahali hapo huwa kama ubao wa matangazo: kila apitaye huinusa habari ya waliotangulia na kuiacha ya kwake.

Kwa ajili hiyo maduka ya wawindaji huuza vichupa vya harufu. Wengine hutundika kitambaa chenye matone machache. Wengine hukokota kitambaa hicho kwa kamba hata karibu na maficho yao. Tulimwuliza mwenyeji wetu kama chambo hicho chafaa kweli. Akacheka, akajibu: «Mwalimu, ungeniuliza chafaa lini.» Akatusimulia kosa lake la kwanza.

Mwaka ule wa kwanza alinunua harufu ya jike aliye tayari kupandwa, iliyotengenezwa kwa madawa, akaitumia Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, siku ya kufunguliwa kwa uwindaji wa upinde. Wakaja majike watatu na watoto wao. Yule wa mbele akanusa, akapiga kwato chini, akapuliza pua kwa kishindo. Wote wakakimbia, mikia yao imesimama kama vitambaa vyeupe. Wiki mbili nzima hakuona tena mnyama mahali pale. Kosa lilikuwa nini? Mwanzoni mwa Oktoba ayala hufikiri tumbo tu, na hakuna jike aliye katika hali ile. Harufu aliyoimwaga ilikuwa habari isiyoaminika.

Hapo akaanza kuandika kalenda katika daftari ya mtoto wake, nasi tuliisoma. Majira ya kupandana hayaletwi na baridi, kama wengi wanavyodhani, bali na kupungua kwa mwanga wa mchana. Ndiyo sababu hurudi karibu tarehe zile zile kila mwaka. Katika nusu ya pili ya Oktoba, madume wanapoparua ardhi, yafaa harufu ya dume au ya tezi za paji la uso, nayo huwekwa juu ya tawi lile lililoinama. Ila wengi huja kuinusa usiku. Toka siku za mwisho za Oktoba hata katikati ya Novemba, madume hutembea mchana kutwa wakitafuta majike. Hizo ndizo siku za harufu ya jike. Sikukuu ya Mtakatifu Hubertus, msimamizi wa wawindaji, huangukia ndani ya siku hizo, yaani tarehe 3 Novemba.

Karibu na katikati ya Novemba kilele hufika. Jike huwa tayari kwa siku moja au mbili tu, na dume aliyempata hamwachi. Hata ukimwaga kichupa kizima hageuzi kichwa. Aitikaye ni yule ambaye bado hajapata. Baadaye madume huchoka na kukonda, nao hurudia chakula. Jike asiyepata mimba hurudi katika hali ile baada ya siku 28 hivi, kwa hiyo katika Desemba chambo chaweza kufaa tena kidogo. Mimba huchukua siku 200 hivi, na watoto huzaliwa hasa mwezi wa Juni, majani yakiwa tele.

Lakini kuna jambo zito kuliko kupata au kukosa. Mwaka 1967, katika Jimbo la Colorado, ulionekana mara ya kwanza ugonjwa unaowakondesha ayala hata kufa. Hauletwi na mdudu, bali na protini iliyopotoka umbo, inayoharibu ubongo. Kuchemsha hakuiui, na katika udongo hudumu miaka. Mnyama aweza kuubeba mwaka mzima na zaidi akionekana mzima kabisa, huku akiutoa katika mate, kinyesi na mkojo. Virginia iliupata mwaka 2010 katika Wilaya ya Frederick, kaskazini ya bonde, na toka hapo umeenea katika wilaya nyingine.

Sasa, mkojo unaouzwa katika vichupa hukusanywa kutoka ayala wanaofugwa zizini, na wa wanyama wengi huchanganywa pamoja. Ijapo kiasi cha ugonjwa katika mkojo ni kidogo, nani atake kuumwaga katika msitu wa watoto wake? Tangu Julai 2015 Virginia imekataza wawindaji kutumia, na hata kuwa nazo porini, harufu zenye mkojo halisi wa ayala. Zile za madawa zimeruhusiwa. Mfanyakazi mwenzake alikuwa amemletea kichupa cha mkojo halisi kutoka jimbo jingine, akimwapia kwamba hakuna kinachoshinda hicho. Mwenyeji wetu alikishukuru kile kipawa, asikifungue, kisha akakitupa. «Kwetu tulifukuzwa katika mashamba yetu,» alituambia. «Hapa nimepewa msitu wa kuwindia. Je, niutie sumu kwa mkono wangu?»

Jumamosi tarehe 18 Novemba ilikuwa siku ya kufunguliwa kwa uwindaji wa bunduki. Siku nyingine yeye yuko kazini. Dominika sheria ilikataza kuwinda hata mwaka 2014, ilipoanza kuruhusu katika mashamba ya watu, mbali na nyumba za ibada. Lakini yeye siku hiyo haendi kwa vyovyote. Basi siku yake ilikuwa ile moja. Tuliondoka usiku kuelekea Wilaya ya Shenandoah, sote tumevaa vizibao vya rangi ya machungwa kama sheria itakavyo, tukapanda dungu lililojengwa mtini kabla ya mapambazuko.

Alitundika kitambaa chenye matone manne ya harufu ya madawa, si mbele yetu bali kando, hatua 20 hivi, ili mkondo wa harufu ile na mkondo wa harufu yetu isiende pamoja. Asubuhi hewa baridi huteremka mlimani kama maji. Saa mbili kasoro robo dume mkubwa akaja kutoka chini, pua juu, akiifuata ile harufu. Akasimama, akakunja mdomo wa juu kana kwamba anacheka. Ndivyo wanavyopima harufu ya jike. Akapanda zaidi, akatupita kwa upande, miti ikimkinga. Mara jua likaupasha mteremko joto, na hewa ikageuka ikaanza kupanda. Yule dume akashtuka, akatoweka.

Mwenyeji wetu alitutazama kwa upole. «Mwalimu, umeoga kwa sabuni ya manukato?» Tukakiri. «Na ndakala wa jana usiku?» Tukakiri tena. Akasema: «Basi chambo kimemwita, na samaki wako wamemfukuza.» Tuliona haya, kwani sisi ndio tuliokuwa tumemsifia majivu ya wazee njia nzima.

Mchana alikitia kitambaa katika chombo akakifunga. Tulihamia penye mialoni mikubwa iliyoangusha mbegu nyingi, tukakaa upande ule upepo unakokwenda, bila harufu yoyote ila ile tusiyoweza kuivua. Saa kumi na nusu dume kijana akaja peke yake akila mbegu, hatua kwa hatua. Risasi ilikuwa moja. Mwenyeji wetu akavua kofia, akanyamaza kitambo.

Usiku ule nyama haikuliwa. Aliikata huko huko na kuitoa mifupani, maana ubongo na uti wa mgongo havitakiwi kusafirishwa kutoka eneo la ugonjwa; kichwa akakiacha katika kituo cha kupokelea, kipimwe. Haijapata kuthibitishwa kwamba mtu aliugua kwa nyama hiyo, lakini waganga hushauri asile mtu nyama ya mnyama aliyeonekana na ugonjwa. Mama wa nyumba aliiweka katika friza, na watoto wakaanza kuuliza kila jioni: «Baba, jibu limekuja?» Tulikuwa tumekwisha kurudi kwetu habari zilipotufikia: mnyama alikuwa mzima, na familia ilikula Dominika, kwa ugali na sombe.

Katika daftari yake ya kalenda, ukurasa wa mwisho, tulisoma mistari mitatu aliyoiandikia mwanawe mkubwa: jua siku, jua upepo, usilete msituni usichojua kilikotoka. Nasi tumeinakili hapa kwa ajili ya vijana wetu, hata wale wasiowinda.