Sanda ni Shuka Tatu

Ndugu zetu Waislamu, sisi tunaosomesha watoto chuoni huitwa pia kuosha maiti. Kwa miaka mingi tumewaosha matajiri na mafukara juu ya kitanda kimoja cha msikitini, kwa maji yale yale ya mkunazi na kafuri. Mwanamume huvishwa shuka tatu nyeupe, na mwanamke nguo tano. Hatujapata kuona tajiri aliyeongezewa kwa ajili ya majumba yake.

Si zamani tulimzika mzee mmoja mwenye mali nyingi. Yaliyokuwamo moyoni mwake anayajua Mola wake, wala si kazi yetu kumhukumu. Lililotuhuzunisha ni wanawe watatu, wote wasomi. Katika Sala ya maiti, mmoja wao alirukuu, kwani hakujua kuwa Sala hiyo ina takbira nne, haina rukuu wala sijida. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mtu akifa amali zake hukatika ila kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema amwombeaye. Basi baba ataombewaje na mwana asiyejua maneno ya kumwombea?

Wala tusidhani kuwa mali yenyewe ni dhambi. Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.) alikuwa tajiri, akakinunua kisima cha Ruma huko Madina, akawaachia Waislamu wanywe. Karuni naye alikuwa tajiri, hata funguo za hazina zake zikawaelemea watu wenye nguvu. Lakini alidai kuwa ameyapata hayo kwa ujuzi wake, akamsahau Mwenye kutoa, na ardhi ikammeza yeye na nyumba yake. Wawili hao walitafautiana kwa imani.

Enyi wazazi, mwalipa ada za skuli na za masomo ya ziada bila ya kunung'unika, na hayo ni mema. Lakini mtoto mwamtoa chuoni kabla hajamaliza juzuu ya Amma, mkasema hana wasaa. Nanyi vijana, tafuteni riziki ya halali kwa bidii. Ila jueni kuwa Munkar na Nakir hawaulizi cheo wala akiba ya benki. Huuliza: Nani Mola wako? Ipi dini yako? Nani Mtume wako? Na majibu hayo hayatoki katika ulimi uliokariri tu, bali katika moyo ulioamini.

Mwenyezi Mungu atujaalie mwisho mwema, na watoto watakaojua la kusema wasimamapo kutusalia. Amin.