Kabla ya Likizo ya Juni

Jumapili, 9 Februari 2025. Morogoro

Nimemeza kabimazo, vidonge vya kutuliza tezi ya shingo, mwaka mzima na zaidi. Moyo umetulia, mikono haitetemeki tena ubaoni, kilo zimerudi. (Nilipokuwa ninakonda, ofisi nzima ya walimu ilishanipima ngoma kwa macho na kunipa majibu.) Lakini kila tukijaribu kupunguza dozi, tezi inaamka upya.

Juzi Dokta alinitajia njia tatu: kuendelea na vidonge, kunywa dawa ya mionzi, au kutoa tezi yote kwa upasuaji. Kisha akauliza, "Mwalimu, mtoto mwingine mnamtaka lini?" Nikamjibu kwamba nina miaka 36 na mimba moja ilishaharibika, kwa hiyo ni mapema iwezekanavyo. Akasema, basi hesabu zetu zianzie hapo na kurudi nyuma.

Nilidhani nitaulizwa dawa ipi naiogopa zaidi. Kumbe swali ni la kalenda.

Alhamisi, 13 Februari

Vidonge kwanza, maana ndivyo nilivyovizoea. Kabimazo inaweza kumwumiza mtoto katika wiki zile anapoumbika, hasa ya sita hadi ya kumi: ngozi ya utosini inayokosekana, njia za pua zilizoziba, na mengine ambayo sitayaandika hapa. Wiki ya sita wanawake wengi bado wanafikiri hedhi imechelewa tu.

Ndiyo maana wanaotaka kubeba mimba huhamishiwa dawa iitwayo PTU, ambayo madhara yake kwa mtoto ni machache zaidi, ingawa yapo. Hiyo nayo mara chache huharibu ini la mama, na kwa wengine uharibifu huo huja ghafla. Zote mbili zinaweza kuangusha chembe nyeupe za damu. Sheria yake ninaijua kwa moyo: ukipata homa na koo kuuma, acha dawa, nenda ukapime damu siku hiyohiyo.

Leo baada ya vipindi nimezunguka maduka ya dawa ya mjini kuulizia PTU. La kwanza hawana. La pili wanaweza kuagiza, hawajui itafika lini. La tatu kijana aliniuliza kama nina maana ya P2, ile ya dharura ya kuzuia mimba. Mimi siwezi kujenga mimba juu ya dawa ya kuotea. Wanaoishi karibu na duka lenye PTU mwezi hadi mwezi, wao wana njia ambayo mimi sina.

Na hata tukiacha hilo, karibu nusu ya wanaomaliza mwaka mmoja na nusu wa vidonge hurudiwa na ugonjwa baada ya kuviacha. Mimi hata kuviacha sijafika.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe ameingia na basi la Mbeya, na katika kapu la maparachichi kuna pakiti nne za chumvi yenye madini joto. Siwezi kumlaumu. Amekulia Nyanda za Juu Kusini enzi ambazo rovu lilikuwa jambo la kawaida. Dada yake alikuwa nalo kubwa hadi akafa nalo. Chumvi ile ilipoanza kusambazwa, watoto waliokuja nyuma walikuwa na shingo safi. Aliliona kwa macho yake.

Nikamweleza kwamba la kwangu ni tofauti. Mwili wenyewe unatengeneza kingamwili zinazoichokoza tezi ifanye kazi usiku na mchana. Chumvi haiwezi kuzizuia. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Sawa, mwanangu. Lakini chumvi utakula, si utakula?"

Tunakula.

Jumatano, 19 Machi

Dar kwa treni ya mwendokasi, kwenda na kurudi siku moja. Nimefika hospitali ya Ocean Road kuuliza habari za mionzi.

Ukweli ni kwamba nilikwenda nikiwa nimeshaipenda njia hii. Unameza aidini yenye mionzi, tezi inaivuta yenyewe kwa uroho wake, inaungua polepole. Hakuna kisu. Wala si jambo la jana: mgonjwa wa kwanza alipewa Boston mwaka 1941.

Masharti sasa. Kipimo cha mimba kabla ya kumeza, bila mjadala, kwa sababu tezi ya mtoto aliye tumboni nayo huvuta aidini na inaweza kuunguzwa. Siku kadhaa za kukaa mbali na binti yangu, ambaye bado anahamia kitandani kwetu saa tisa za usiku. Kisha angalau miezi sita bila kushika mimba, na homoni ziwe zimekaa sawa. Miezi sita naweza kuisubiri. Nesi aliyekuwa akinieleza alinitazama machoni, akaniuliza kama huwa yanawasha au kuvimba. Asubuhi, ndiyo, kidogo. Akaandika kitu. Mionzi inaweza kuzidisha matatizo ya macho ya ugonjwa huu.

Ndani ya treni nilisahihisha daftari mbili tu.

Jumanne, 22 Aprili

Majibu ya kingamwili yamerudi: ziko juu ya kikomo mara kadhaa.

Dokta alichora tumbo, akachora kondo la nyuma, akapitisha mshale. Kingamwili hizi zinavuka. Zinaweza kuichokoza tezi ya mtoto kama zinavyoichokoza yangu, moyo wake ukaenda mbio kabla hajazaliwa. Baada ya mionzi mara nyingi hupanda, na zinaweza kubaki juu mwaka na zaidi. Baada ya upasuaji huelekea kushuka taratibu. Kwa hiyo ile miezi sita niliyoihesabu kwenye treni kwangu ingekuwa mirefu zaidi ya miezi sita.

Nilimsimulia mume wangu usiku. Akakaa kimya, halafu akasema, "Mama, mmoja anatutosha. Wewe pona tu."

Najua alisema kwa upendo. Nilikasirika hata hivyo, na bado nimekasirika. Kusema mmoja anatosha ni haki yangu nikifika hapo mwenyewe, sitaki kufikishwa.

Jumamosi, 3 Mei

Daktari wa upasuaji. Nilikwenda na maswali kwenye karatasi, la kwanza likiwa: kwa mwaka unatoa tezi ngapi? Hakuchukia. Idadi aliyoitaja imeniridhisha.

Hofu yangu ni sauti. Mshipa wa fahamu unaoendesha nyuzi za sauti unapita nyuma kabisa ya tezi. Darasa langu lina watoto zaidi ya tisini na halina kipaza sauti. Akasema ukwaruzo wa wiki kadhaa hutokea, kuharibika moja kwa moja ni nadra, na nadra si kamwe. Kuna pia vitezi vinne vidogo vinavyosimamia kalsiamu. Vikiguswa, vidole na midomo hufa ganzi, na nitameza kalsiamu.

Halafu thairoksini kila siku, maisha yote. Hili halinitishi. Kocher wa Bern, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909 kwa kazi yake juu ya tezi hii, aliona wagonjwa aliowatoa tezi yote wakizubaa na watoto wakidumaa, kwani hakuwa na cha kuwapa badala yake. Mimi nina kidonge. Mimba ikiingia dozi itaongezwa mapema, kwa robo au theluthi hivi, na vile vidonge vya damu vya kliniki nitavimeza saa nne mbali nacho. Kingamwili zitaendelea kupimwa, kwa sababu kutoka kwa tezi hakuzifuti.

Nimechagua kisu. Tarehe 10 Juni, shule zikiwa zimefungwa.

Mume wangu amekubali. Aliuliza kama bado nimekasirika. Nikamwambia kidogo.

Jumatatu, 2 Juni

Nimeanza matone ya Lugol, yanayopunguza damu kwenye tezi kabla ya upasuaji. Ladha ya chuma, hata juisi haiifichi. Mama mkwe, aliyerudi kunishikia nyumba, aliigeuza chupa, akauliza ni dawa gani.

"Aidini, mama. Yale madini joto."

Hajasema neno. Ameita jirani akamwonyesha chupa.

Tiketi za treni za kwenda hospitalini ni za Jumapili jioni. Hisabati bado sijasahihisha.