Dawa Ipitayo Bila Kukaa Kidondani

Koplo mmoja wa kambi ya mpakani alizoea kuamshwa usiku wa manane na tumbo lililomchoma kama kaa la moto. Hakwenda zahanati, kwa maana alichelea kuondolewa katika zamu. Mkewe alimchemshia mizizi aliyopewa na mzee wa kijiji cha jirani, naye Koplo akanywa bilauri nzima kwa mkupuo kabla ya gwaride. Maumivu yalitulia, kisha yakarudi. Yalipozidi, alimeza aspirini mbili.

Katika jambo hili yalikuwamo makosa mawili. La kwanza ni kudhani kwamba dawa ikishamezwa imekwisha fika. Maji yakiingia katika tumbo tupu hayakawii. Nusu yake huweza kuteremka utumboni kwa muda wa kama robo saa, yakichukua dawa pamoja nayo. Ndiyo sababu wataalamu wa mitishamba hutafuta njia za kuikawiza: ute mzito unaogandama tumboni, au vidonge vielewavyo juu ya maji ya tumbo na kutoa dawa kidogo kidogo.

Hata hivyo, dawa ikaayo huweza pia kudhuru. Mwaka 1946 daktari wa Uholanzi, F. E. Revers, alieleza jinsi wagonjwa wa vidonda vya tumbo walivyopata nafuu kwa utomvu mzito wa mzizi mtamu wa likorisi. Lakini baadhi yao walivimba uso na miguu, kwa kuwa mzizi huo huzuia chumvi na maji mwilini na kupandisha shinikizo la damu.

Kosa la pili lilikuwa aspirini, ambayo yenyewe huchimba vidonda. Aidha, tangu mwaka 1982, Barry Marshall na Robin Warren walipogundua kijidudu cha tumboni huko Perth, Australia, imejulikana kwamba vidonda vingi havitokani na pilipili wala fikira nyingi. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kijidudu hicho huuawa kwa dawa za viuavijasumu, pamoja na ya kupunguza asidi, aghalabu kwa siku 14.

Mficha maradhi kilio humfichua. Asubuhi moja Koplo alikiri kwa mkewe kwamba choo chake kilikuwa cheusi kama lami, na kichwa kilikuwa kikimzunguka. Mama yule hakuchemsha tena. Aliutwaa mkebe wa mizizi na karatasi ya aspirini, akampeleka mumewe hospitali na kumwonyesha daktari vyote viwili. Koplo alikuwa akivuja damu tumboni. Aliongezewa damu siku ile ile.

Baada ya majuma machache alirudi kambini. Zamu aliyoihofia kuipoteza ilikuwa ikimngoja.