Mlima wa Pili

Baada ya matokeo ya hesabu kuwa mabaya, binti wa miaka 12 aliacha kuuliza maswali nyumbani. Ukimgusia masomo, jibu lilikuwa moja: "Mimi sina akili."

Likizo ilipofika, yeye na baba yake walijenga rola kosta ya LEGO, ile seti ya mwaka 2018 yenye vipande 4,124. Mnyororo hukivuta kitreni hadi kilele cha kwanza. Kuanzia hapo hakisukumwi na kitu, kinateremka kwa uzito wake tu.

Walipomaliza, binti alitaka kuongeza mlima mrefu kuliko ule wa kwanza. Baba alijua kitreni hakitaupanda. Ulimi ulimwasha, akanyamaza. Kitreni kilifika katikati, kikasita, kikarudi kinyumenyume. Binti akaupunguza mlima, akajaribu tena. Hata ulipolingana na wa kwanza, hakikuvuka.

"Baba, kuna nguvu inapotea njiani," alisema. "Magurudumu yanasuguana na reli."

Hilo ndilo jibu, na hakuna aliyemwambia. Alipoushusha zaidi, kitreni kilivuka.

Wazazi wengi hukimbilia kusahihisha, tena kwa nia njema. Lakini mtoto aliyejikatia tamaa amekwishasikia majibu ya wakubwa ya kutosha. Anachohitaji ni kulipata moja kwa mikono yake. Mzazi akae karibu, ashike vipande, asubiri kuulizwa. Kunyamaza huko nako ni malezi.