Mlango wa Alexei

Moscow

Dada mpendwa,

Salamu zako kutoka Usenge zimefika, na ujumbe wa mchango wa hospitali pia. Nitaujibu, ila kwanza nikusimulie mchezo niliotazama ukumbini wiki iliyopita. Umetolewa katika hadithi ya mwaka 1967 ya Valentin Rasputin, mwandishi wa Siberia: Pesa kwa Ajili ya Maria.

Maria ni muuzaji wa duka la kijiji, kazi aliyoipokea kwa kubembelezwa. Mkaguzi anakuja, anapiga hesabu, rubli 1,000 hazipo. Hakuiba. Lakini asipolipa kwa siku 5, ni jela. Basi mumewe, Kuzma, anapita nyumba kwa nyumba akibisha hodi.

Ungedhani ni kwetu! Mzee Gordei anakuja na rubli chache alizomwomba mwanawe. Wenye mishahara wanakubali mkutanoni kutoa zao, kisha baadhi wanageuka. Halafu Natalya, bibi kizee mgonjwa asiyeinuka kitandani, anamtolea Kuzma akiba ya mazishi yake mwenyewe. Hapo nililia waziwazi. Wewe unajua mazishi ni nini kwetu Wajaluo.

Mwishoni Kuzma anapanda treni kwenda mjini kwa kaka yake, Alexei, ambaye hawajaonana kwa miaka. Anabisha, na kabla mlango haujafunguliwa, mchezo unakwisha.

Dada, Alexei ni sisi tulio ughaibuni. Umaskini unauma, lakini kinachomvunja Kuzma ni kule kusimama mlangoni mwa mtu na kuanza kujieleza. Kwa nini ndugu afikishwe hapo kwanza?

Mchango wa hospitali nimetuma. Sasa sikiliza hili. Nakuwazia alfajiri ufuoni mwa ziwa na karai lako, ukingoja omena ya boti ya mtu mwingine. Wewe na wenzako mnaijua jaboya kuliko mimi: samaki wanapoadimika, pesa ya mwanamke haitoshi, anadaiwa mwili. Kule Nduru, upande wa Kisumu, wanawake walianza mwaka 2011 kumiliki boti zao wenyewe, mvuvi akawa ndiye mwajiriwa. Pesa ya boti kama hiyo ndiyo ya kutuma kabla hodi haijapigwa.

Nimeshawaandikia binamu zetu wa London na Dallas, na wamekubali kuchanga. Boti iandikwe kwa jina la chama chenu, si langu wala la shemeji. Muulize fundi wa boti bei ya mbao, misumari na kazi yake, kisha bei ya nyavu na taa. Nipigie Jumapili jioni.