Tezi Ndogo, Safari Ndefu

Kwa muda wa miezi saba nilitibiwa maradhi nisiyokuwa nayo. Nilianza na malaria, nikaendelea na homa ya matumbo, nikaishia kwenye shinikizo la damu. Kila nilipotoka hospitali nilibeba mfuko mpya wa dawa, na kila niliporudi nilikuwa nimekonda zaidi. Nilikula kuliko mtu yeyote nyumbani, lakini suruali zangu zilishikiliwa na mkanda tu. Mwezi Julai, wakati watu wa Nyanda za Juu Kusini wanatembea na makoti, mimi nilitokwa na jasho ndani ya shati jepesi. Moyo ulidunda hata nikiwa nimeketi, na mikono ilitetemeka hata nikashindwa kuandika ubaoni.

Chuoni watu walinong'ona kwamba mwalimu amekanyaga miwaya. Nilipima UKIMWI mara tatu na mara zote majibu yalionyesha sina virusi, lakini karatasi ya maabara haishindani na minong'ono. Shangazi yangu alifunga safari kutoka kijijini kunieleza kuwa kuna mkono wa mtu. Hata hivyo, kilichoniumiza zaidi ya hayo yote ni hasira. Siku moja nilimfukuza mwanafunzi darasani kwa sababu alidondosha kalamu nilipokuwa nikisema. Alitoka akilia. Usiku ule mke wangu aliniambia kwa upole, "Baba Neema, huyu si wewe. Hata wanao wanakuogopa." Sikuwa na la kumjibu.

Aliyenifumbua macho ni tabibu kijana wa kituo cha afya. Aliniamkia, akanitazama shingoni kwa muda, kisha akanipa kikombe cha maji. "Mwalimu, naomba umeze funda moja." Nilipomeza, uvimbe mdogo ambao mimi mwenyewe sikuwa nimeuona ulipanda na kushuka pamoja na koo. Akasema, "Hapa sina kipimo chake. Lakini nadhani tezi yako ya shingo inafanya kazi kupita kiasi. Tafuta daktari bingwa wa homoni."

Nimesoma miaka mingi, nami huandika kuhusu sera za umma, lakini sikujua kwamba kuna daktari wa namna hiyo. Wala si mimi peke yangu. Nilipouliza katika hospitali moja kubwa ya mkoa, mtu wa mapokezi alinielekeza kliniki ya uzazi, kwa imani kwamba homoni ni mambo ya wanawake. Kwingine nilipelekwa kwa daktari wa koo. Baada ya barua mbili za rufaa na simu nyingi kwa watu niliosoma nao, nilipanda basi kwenda Dar es Salaam, safari ya kutwa nzima.

Daktari niliyemkuta alikuwa mama mtulivu ambaye aliniuliza maswali kwa karibu nusu saa kabla ya kuandika chochote. Alinieleza kuwa homoni ni ujumbe unaosafiri ndani ya damu kutoka tezi moja kwenda viungo vingine. Neno lenyewe lilianza kutumiwa mwaka 1905 na Ernest Starling, mwanasayansi wa Uingereza. Daktari wa homoni hushughulika na kongosho linapokosa kutoa insulini na kuleta kisukari, tezi ya shingo, tezi zilizo juu ya figo, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, matatizo ya ukuaji wa watoto, na hata baadhi ya matatizo ya uzazi, kwa wanaume kama kwa wanawake.

Vipimo vyangu vilionyesha jambo la ajabu. Kwa kawaida tezi ya chini ya ubongo hutuma amri kwa tezi ya shingo, na homoni za shingo zinapotosha, amri hupungua. Kwangu amri ilikuwa imekoma kabisa, lakini shingo iliendelea kuzalisha, kwa sababu kinga ya mwili wangu ilikuwa inaichochea kwa makosa. Ugonjwa huo unaitwa Graves, kwa jina la daktari wa Ireland aliyeueleza mwaka 1835. Nilipewa vidonge vya kabimazoli na vingine vya kutuliza moyo. Nilionywa pia kwamba nikipata homa au koo likiniuma, niache vidonge vya tezi na nikapime damu mara moja, kwani dawa hiyo huweza kushusha chembe nyeupe za damu.

Kwenye benchi la kliniki nilikaa na mama mmoja mzee kutoka wilaya jirani na yangu, mwenye rovu kubwa shingoni. "Mwanangu," aliniambia, "mimi nilidhani hili ni la ukoo wetu. Bibi yangu naye alikuwa nalo." Hakuwa amekosea sana. Milima yetu ina upungufu wa madini joto, na rovu lilikuwa jambo la kawaida huko kwa vizazi vingi. Katika miaka ya 1990 serikali iliagiza chumvi itiwe madini joto, na watoto wengi waliokolewa na hatua hiyo bila ya kumwona daktari yeyote.

Kwa hiyo, ndugu zangu watumishi wa umma, msiniambie kwamba haiwezekani. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi kule Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa ajili ya afya. Mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ni jambo jema. Lakini bima humlipia mgonjwa kumwona daktari. Haiwezi kumlipia daktari ambaye hayupo. Tusomeshe mabingwa hawa, tuwapeleke mikoani, na kabla ya hapo tupeleke kipimo cha tezi katika hospitali za wilaya. Kila tabibu afundishwe kumtazama mgonjwa shingoni na kumpa funda la maji.

Mimi nilikuwa na mshahara, bima, na marafiki wa kuwapigia simu, na bado ilinichukua miezi saba kujua kinachonisumbua. Yule mama alikaa na rovu lake miaka kumi na tisa.

Leo uzito umerudi na mkono umetulia. Mara niliporejea darasani nilimwita yule mwanafunzi mbele ya wenzake, nikamwomba radhi. Alisema yamekwisha. Natumaini ni kweli, ingawa nimeona kwamba tangu siku ile hukaa safu ya nyuma.