Stima Iliyojificha

Wahenga walisema, simba mwenda pole ndiye mla nyama. Mpenzi msomaji, amplifaya ya valvu ndiyo simba huyo. Mjomba wangu hapa Bomet alijitengenezea moja ya gitaa. Ikaanza kunguruma, mmm, hata nyuzi zisipoguswa. Aling'oa valvu, akawasha, akapima volti, kisha akachomoa plagi. Ndugu yangu mdogo akanyoosha mkono. "Wee, ngoja!" Mita ilisoma zaidi ya volti 300, zimelala tu ndani ya kapasita! Stima ya nyumba ni 240, lakini transfoma huipandisha. Mjomba akaimaliza kwa rezista, akapima tena hadi sufuri, ndipo akabadilisha kapasita iliyokauka. Mngurumo ukaisha. Wenzangu, kuchomoa plagi si kumaliza hatari. Pima kwanza, ndipo uguse.